Tundu la Dirishani: Maisha ya Elkanah Obwocha Mogire, 1957–2024

Marehemu Elkanah Obwocha Mogire alizaliwa tarehe 9 Machi 1957 kwenye kilima nje kidogo ya mji wa Nyamira, Kenya. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu Mzee Mogire na marehemu Mama Kemunto, akimfuata kaka yake Naftali. Wasifu huu unasomwa na mwanawe wa kwanza, Timothy. Binti yake, Nkirote, ameomba usomwe wote, pamoja na yale ambayo kwa kawaida hayasomwi makaburini, kwa sababu marehemu hakumvumilia mtu aliyepamba maneno, na hangependa kuanza kupambwa leo kwa vile hawezi kujibu.

Maisha ya Elkanah hayaelezeki bila kumtaja baba yake. Mzee Mogire alikuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Mwaka 1944 alipigana Burma, katika bonde la Kabaw, mvua ikinyesha wiki baada ya wiki na matope yakifika magotini. Kombora lilimpasua paja. Wenzake walimbeba kwa machela hadi kwenye kiwanja kilichofyekwa msituni, akapakiwa ndani ya ndege ya mizigo aina ya Dakota pamoja na majeruhi wengine, machela zikiwa zimepangwa ukutani moja juu ya nyingine kama rafu za dukani. Ya kwake ilikuwa sambamba na dirisha. Katikati ya kioo cha dirisha lile, Mzee Mogire alisema, palikuwa na tundu la mviringo. Wakiwa juu ya mawingu alilitia kidole. Upepo wa huko nje ulikipiga mpaka kikafa ganzi, na kwa mara ya kwanza tangu aumie akasahau paja lake.

Aliporudi nyumbani aliwasimulia watu. Vita walivikubali. Kovu walilikubali. Ndege wakaikubali kwa shida. Tundu walilikataa kabisa. Ndege gani hiyo yenye dirisha lililotoboka? Mvua ikinyesha, abiria wanafungua miavuli? Sokoni walimtaka arudie ili wacheke upya, naye, kwa kuwa alikuwa akisema kweli, alirudia bila kubadili neno. Wakambandika jina la Tundu. Kufikia uzee wake kulikuwa na watoto pale kijijini ambao hawakujua kwamba ana jina lingine.

Elkanah alianza shule ya msingi mwaka 1964, akaingia darasani akiwa tayari ni mtoto wa Tundu. Mwalimu wa sayansi, alipofikia somo la hewa, alimsimamisha mbele na kumtaka awaeleze wenzake jinsi tundu la baba yake lilivyofanya kazi. Elkanah alieleza kama alivyosikia nyumbani. Darasa zima lilicheka, mwalimu akiwa wa kwanza, kisha akamchapa viboko kwa kuleta uongo shuleni. Jioni ile alimuuliza baba yake, "Baba, ni kweli?" Mzee Mogire hakukasirika. Alinyoosha kidole cha shahada, akagusa kifundo cha katikati, akasema, "Kiliingia mpaka hapa."

Alimaliza sekondari mjini Kisii mwaka 1976, akasomea uuguzi Nakuru, na mwaka 1981 akaajiriwa katika hospitali mjini Meru. Kufikia wakati huo alikwisha kuwa mtu wa ukweli uliopitiliza. Mtoto aliyechapwa kwa sababu ya uongo ambao hakujua kama ni uongo alikua akiamua kwamba yeye hatasema neno asilolishika kwa mkono wake. Huko Meru ndiko alikokutana na Margaret, binti wa kutoka Nkubu, aliyekuwa karani wa hospitali. Mara ya kwanza walipokunywa chai pamoja, Margaret akiwa amevaa vizuri na kucheka kwa haya, Elkanah alimwambia kwamba ana jino la nyuma linalooza na linanuka. Mama Margaret husema alikwenda kuling'oa kwa hasira, daktari wa meno akamwonyesha usaha uliokuwa chini yake, naye akarudi kumshukuru, na hapo ndipo mambo yalipoanzia.

Walifunga ndoa Jumapili, tarehe 13 Desemba 1987, huko Nkubu. Asubuhi ya harusi Elkanah alimwita baba yake nyuma ya nyumba.

"Baba, leo tafadhali usiseme habari za ndege. Hawa ni wakwe."

Mzee Mogire aliitikia kwa kichwa. Mchana, wakwe wakiwa wamesikia kwamba mgeni wao ni mkongwe wa Burma, walimwekea kiti mbele na kumwomba awasimulie vita. Mzee alimtazama mwanawe, akasema hakumbuki kitu.

Hiyo ndiyo mara ya mwisho baba na mwana kuonana. Mzee Mogire alifariki tarehe 20 Mei 1988. Siku ya mazishi, jeneza likiwa linashushwa kwa kamba, kijana mmoja alisema kwa sauti ya kusikika, "Leo Tundu anaingia tunduni." Waombolezaji walicheka. Naftali naye alicheka. Elkanah alikuwa ameshika kamba ya upande wa miguu. Hangeweza kuiachia, kwa hiyo alimshusha baba yake kaburini huku watu wakicheka.

Mungu aliwajalia Elkanah na Margaret watoto wawili, Timothy mwaka 1990 na Nkirote mwaka 1995. Kwa kuwa baba alikuwa Mgusii na mama Mmeru, nyumba yao iliongea Kiswahili. Mwezi Novemba 2001 walihamia Minnesota, Marekani, wote wanne, wakaanza maisha katika nyumba ya kupanga Eagan, na mwaka 2009 wakanunua nyumba yao katika mji wa Savage. Watoto waliendelea kusikia Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza. Elkanah alianza kazi kama msaidizi wa wagonjwa, akafaulu mtihani wa leseni mwaka 2004, akawa muuguzi katika nyumba ya kutunzia wazee huko Woodbury hadi alipostaafu mwaka 2022. Chepkemoi, aliyefanya naye kazi miaka mingi na ambaye yuko nasi hapa leo, anakumbuka kwamba familia za wazee zilimwogopa kwanza, kisha zikawa zinamtafuta. Wauguzi wengine waliulizwa kama mama atafika Krismasi wakasema tumwachie Mungu. Elkanah alisema, "Hatafika. Njooni wiki hii." Walikuja wakamkuta mama angali na sauti.

Nyumbani ukweli wake ulikuwa mgumu zaidi. Timothy alipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili alidanganya kuhusu alama zake za hesabu. Elkanah alimpeleka shuleni, akaomba ruhusa ya mwalimu, akamsimamisha mbele ya darasa aseme kwa kinywa chake kwamba yeye ni mwongo. Mama Margaret alilia njia nzima ya kurudi. Nkirote, aliyekuwa mdogo, aliona uso wa kaka yake siku ile, na tangu hapo hakumdanganya baba yake hata kwa jambo dogo. Akiulizwa kama ugali umeiva na haujaiva, alisema haujaiva.

Mwezi Juni 2006, akitoka kazini Jumapili mchana kupitia barabara kuu ya 494, Elkanah aliona ndege ya injini mbili ikipita chini chini juu ya magari, ikinguruma tofauti na ndege za abiria. Aliitambua. Alisimamisha gari kando ya barabara, akatoka, akasimama akiangalia juu mpaka askari wa barabarani akaja nyuma yake na taa zinawaka.

"Gari lina shida gani?" askari aliuliza.

"Hakuna shida. Baba yangu alipanda hiyo."

Askari aliangalia juu, akaangalia saa yake, akamwambia aondoe gari.

Ndiyo, ilikuwa Dakota. Kila majira ya joto ililetwa kwa Jumamosi na Jumapili chache kwenye kiwanja kidogo cha ndege kusini mwa Saint Paul, pamoja na ndege nyingine za vita zilizotunzwa na wapenzi wa vitu vya kale, na watu walikata tiketi kupanda na kuzungushwa angani. Elkanah alitaka kupanda. Lakini kwake, Msabato, Jumamosi ilikuwa Sabato, na Jumapili alikuwa zamu. Mwaka hadi mwaka alipita pale akitoka kazini, akasimama nje ya uzio wa waya, akaitazama kwa mbali ikipaa na kutua, akaenda nyumbani kulala; hata alipostaafu hakukata tiketi.

Timothy alimwambia wakati mmoja, "Baba, wacha ni-google hiyo tundu. Ni dakika moja tu."

"Hapana," Elkanah alisema. "Simu haijapanda ndege."

Mama Margaret aliwaeleza watoto Elkanah alipokuwa hayupo. "Baba yenu anaogopa. Tangu aje huku amepanda ndege ngapi? Zote madirisha mazima. Anaogopa kwenda akute ni kama zile."

Mwezi Februari 2024 alianza kukohoa bila kupona. Alikuwa mtu ambaye hajawahi kuvuta sigara wala kuonja pombe. Madaktari walikuta saratani kwenye mapafu yote mawili, na ilikuwa imekwisha kufika kwenye mifupa. Daktari kijana alianza kuzungukazunguka kuhusu matumaini na safari ndefu. Elkanah alimkatiza. "Nitafika Krismasi?" Daktari akanyamaza. "Basi," Elkanah alisema, "umejibu."

Timothy na Nkirote walimnunulia nafasi kwenye ile Dakota kwa Jumapili ya tarehe 14 Julai 2024. Alipoambiwa aliomba suti yake ya harusini, ambayo sasa ilimpwaya kama amevishwa ya mtu mwingine. Walimpeleka kwa kiti cha magurudumu, mtungi wa oksijeni ukiwa umefungwa nyuma ya kiti. Jua lilikuwa kali. Ndege ilikuwa imesimama pua juu, mkia chini, na madirisha yake yalimulikwa na jua hivi kwamba kutoka chini, kwa macho yake yaliyokwisha dhoofika, hakuona kitu ila mwanga.

Mzee mmoja Mzungu aitwaye Severin, fundi mstaafu aliyejitolea kusimamia abiria, aliuona ule mtungi na sura yake ikabadilika. Aliwaeleza kwa upole kwamba oksijeni hairuhusiwi ndani, na kwamba kila abiria lazima apande ngazi na kushuka mwenyewe, kwa ajili ya usalama. Elkanah akavua mrija puani mwake.

"Nitapanda," alisema.

Akasimama. Alishika ngazi kwa mikono miwili, akaweka mguu wa kwanza, akaweka wa pili, kisha akabaki hapo, midomo ikigeuka rangi, mgongo ukitetemeka ndani ya ile suti. Watu waliokuwa kwenye foleni walimtazama. Mmoja alikuwa akipiga video. Mwingine alisema, si kwa sauti ya chini sana, "Tutaondoka saa ngapi?" Elkanah aliteleza, na Timothy na Severin wakamdaka kabla hajafika lami. Walipomrudisha kitini suruali yake ilikuwa imelowa, na watu waliona.

Severin alisema samahani mara nyingi.  Elkanah alimshika Nkirote mkono.

"Panda wewe."

"Baba, no. I don't want to."

"Nafasi ni yangu, nimekupa. Panda. Angalia madirisha. Angalia yote, usiangalie moja. Guza."

Nkirote alipanda. Wanaomjua wanajua kwamba anaogopa hata lifti. Ndani, sakafu ilikuwa na mwinuko mpaka akawa anatembea kama mtu anayepanda mlima, na palinuka mafuta na chuma cha kale. Injini zilipowaka meno yake yaligongana. Waliruka juu ya mto, juu ya matishari ya kubebea nafaka, juu ya paa za Saint Paul, abiria wengine wakipiga kelele za furaha na kupigana picha. Waliporuhusiwa kufungua mikanda, Nkirote alianza na dirisha la kwanza la kushoto. Alipitisha kiganja juu ya kioo chote. Kilikuwa kizima. Akaenda la pili. Watu walimpisha wakidhani anataka kutapika, na mwanamke mmoja akampa karatasi ya kufutia. Alimaliza upande wa kushoto, akavuka, akafanya upande wa kulia, akiwa analia sasa, akisukuma vidole kwenye vioo kama anatafuta mlango gizani. Vyote vilikuwa vizima. Vilikuwa safi na vipya, na nje yake anga ilikuwa shwari.

Aliposhuka baba yake alikuwa kwenye kivuli cha karakana, mama yake amemfunika shuka miguuni. Elkanah aliutazama uso wa binti yake, akainua mkono.

"Usiniambie hapa. Utaniambia nyumbani."

Nyumbani hakuuliza. Siku zilipita, akawa haamki tena kitandani, wauguzi wa hospisi wakawa wanakuja kila siku, na hakuuliza. Nkirote alikaa naye, akamlisha uji, akamgeuza ubavu, naye alimtazama kwa macho ya kusubiri na bado hakuuliza. Jikoni, Nkirote alimwambia mama yake kila kitu.

"Akikuuliza, mwambie lipo," Mama Margaret alisema.

"Mum, it's a lie."

"Ndiyo ni uongo! Mwambie lipo, uliliona, kidole kiliingia. Utapungukiwa na nini?"

"Atajua. Ataona kwa uso wangu. He always knows."

"Basi fundisha uso wako. Una muda."

Alasiri ya Jumanne, tarehe 13 Agosti, Mchungaji Bagalwa akiwa amekuja kusali naye, Elkanah alimwita Nkirote karibu na kitanda na kumuuliza. Mama Margaret alisimama upande wa pili, nyuma ya kichwa cha mumewe, akimwitikia binti yake kwa kichwa, sema, sema.  Nkirote alikuwa na jibu la mama yake tayari. Alilifanyia mazoezi bafuni mbele ya kioo kwa Kiswahili, maana alijua kwa Kiingereza baba yake hatalipokea. Akamtazama baba yake, na lile la mazoezi likakataa kutoka.

"Hakuna, Baba. Niligusa yote."

"Yote?"

"Yote."

"Upande wa kulia pia?"

"Pia, Baba."

Elkanah alifumba macho.  Kisha akaupapasa mkono wa Nkirote mpaka akaupata, akaubana.

"Umesema kweli," alisema. "Nimekulea vizuri."

Baada ya hapo akasema, "Basi walicheka kwa haki. Baba alikuwa mwongo, na mimi nilichapwa kwa haki."

Timothy, aliyekuwa mlangoni, alitoa simu mfukoni. Baba yake akamwambia airudishe. Aliyeona kwa macho amesema, na jambo limekwisha. Kisha akamgeukia mkewe. Maisha yake yote alikuwa ameagiza kwamba akifa arudishwe Nyamira, alazwe kando ya Mzee Mogire, na nafasi iliachwa pale tangu 1988, imepandwa maua. Sasa alimwambia asimrudishe.

"Siwezi kulala kando yake nikisikia watu wakicheka na nijue wana haki. Nizikeni hapa hapa. Inua mkono, Margaret, mbele ya mchungaji."

Mchungaji Bagalwa alijaribu kumsihi. "Mzee, mwana hahukumu baba kwa ajili ya dirisha. Pumzika kwanza, tutaongea kesho." Elkanah alirudia, "Inua mkono." Mama Margaret aliinua mkono akaapa. Elkanah alimshukuru.

Hakumtaja tena baba yake. Siku zilizobaki maumivu yalishinda dawa. Alilia kama mtoto, mtu ambaye watoto wake hawakuwahi kumwona akilia, na katikati ya kulia alikuwa akiomba radhi kwa kelele. Alifariki nyumbani kwake, Savage, asubuhi ya Alhamisi, tarehe 22 Agosti 2024, Nkirote akiwa amemshika miguu.

Jumapili iliyofuata, watu wakiwa wamejaa sebuleni kwa maombi, kengele ya mlango ililia. Alikuwa Severin. Alikuwa ameona tangazo la msiba, akaikumbuka sura, akaja na sinia la keki aliyooka mkewe. Alitaka kusema tena samahani kwa siku ile. Timothy alimkaribisha, akamkalisha, na kwa kukosa la kuongea akamweleza kwa nini baba yake alitaka kupanda. Kwamba babu yao alisema madirisha ya Dakota yalikuwa na matundu, na kumbe hayakuwa nayo.

"Ah, matundu ya bunduki," Severin alisema.

Aliendelea kuongea huku akichovya keki kwenye chai, kwa furaha ya mtu aliyeulizwa jambo analolipenda. Wakati wa vita, alisema, kila dirisha la Dakota lilikuwa na tundu la mviringo katikati ya kioo, lenye kizibo cha mpira, ili askari waweze kutoa mtutu na kufyatua risasi kama wakishambuliwa angani. Vizibo vilipotea ovyo, wakasafiri na matundu wazi. Ndege ile yao ilibadilishwa vioo vyote miaka ya tisini, maana abiria walilalamika baridi. Yeye mwenyewe alibaki na kioo kimoja cha zamani. Kiko karakanani, ukutani.

Nkirote alikuwa ameingia na sinia la chai. Aliliweka chini, kwenye zulia, katikati ya miguu ya watu.

"How big?" aliuliza.

Severin alinyanyua kidole chake cha shahada. "Hiki kinaingia," alisema. "Wote tulikitia tulipokuwa wapya." Ndipo alipoona jinsi watu walivyomtazama, akauliza kama amesema vibaya.

Mama Margaret alimkuta binti yake gereji, ndani ya gari, vioo vimepandishwa, akipiga mayowe. Alikuwa akiyapiga kwa Kiswahili.

Jioni hiyo familia ilimpigia Naftali simu Nyamira, ikamweleza yote. 

"Sasa mnaniambia ili nifanye nini?" alisema. "Watu wenyewe waliocheka wamekufa. Mrudisheni mdogo wangu."

Mama Margaret alimjibu kwamba aliapa.

"Uliapishwa kwa kosa, mama. Kosa la nani? La huyo msichana wenu. Angefunga mdomo, leo tungekuwa tunachimba hapa."

Nkirote alisikia, kwa kuwa simu ilikuwa imewekwa kwenye spika. Timothy alimjibu baba yake mkubwa kwa maneno ambayo hayafai kusomwa hapa. Mchungaji Bagalwa aliwaambia kwamba Mungu hamfungi mtu kwa kiapo kilichojengwa juu ya jambo lisilo kweli, na kanisa likajitolea kumsafirisha marehemu. Kwa siku mbili nyumba iligawanyika. Timothy alitaka arudishwe. Nkirote hakusema anataka nini. Kila aliyemuuliza, Nkirote alimjibu kwamba yeye hana haki ya kusema tena. Mwishowe Mama Margaret aliwaita wote mezani.

"Nimekaa na mtu huyu karibu miaka thelathini na saba," alisema. "Hakuwahi kunidanganya hata kwa kunifurahisha. Neno la mwisho aliloniomba, aliniomba nikiwa nimeinua mkono. Kama nikilivunja kwa sababu sasa najua zaidi yake, nitakuwa nimemwambia uongo akiwa amekufa, na hana jinsi ya kunisimamisha mbele ya watu. Tutamzika hapa."

"Mum, he was wrong," Nkirote alisema.

"Najua alikosea. Tutamzika hapa alipokosea."

Ndiyo sababu leo, Jumapili tarehe 1 Septemba 2024, tuko katika makaburi haya juu ya mto Minnesota, wala hatuko Nyamira, na nafasi iliyo kando ya Mzee Mogire itabaki na maua yake. Familia inatamka mbele yenu, kwa kuwa hakuna mahali pengine pa kulitamkia, kwamba Mzee Mogire, askari wa Keya, alisema kweli. Mwanawe hakulijua hilo alipokufa. Nkirote pia alisema kweli, na familia inawaomba mnaompa pole msimwambie kwamba alifanya vema, wala msimwambie kwamba alikosea. Amesikia yote mawili ya kutosha.

Marehemu ameacha mjane, Margaret. Mwanawe Timothy na mkewe Abigail. Mjukuu mmoja, Mogire, mwenye umri wa miaka mitatu. Binti yake Nkirote. Na kaka yake Naftali, wa Nyamira, ambaye ameomba jina lake lisisomwe, lakini ni kaka yake, kwa hiyo limesomwa. Ameacha pia wafanyakazi wenzake wa Woodbury, waumini wenzake wa Sabato, na wazee wengi waliomtangulia ambao watoto wao waliwahi kufika kwa sababu aliwaambia ukweli.

Elkanah Obwocha Mogire, mwana wa Mogire, Mungu akupokee na kukulaza kwa amani mahali ambapo hakuna wa kukucheka.